Kwenda saa 7, kurudi saa 22?

SWALI: Nimekata tiketi ya moja kwa moja, Nairobi hadi New York, mwezi Januari. Ya kwenda imeandikwa 23:30–06:30, ya kurudi 12:30–10:30. Nikitoa, kwenda ni saa 7 na kurudi ni saa 22. Umbali si ule ule? — Msomaji, Nakuru

JIBU: Umbali ni ule ule, ila umetoa saa za miji miwili tofauti. Kila saa kwenye tiketi ni ya mji ulipo uwanja. Januari, New York iko nyuma yetu kwa saa 8. Ukitua huko saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Nairobi ni saa nane na nusu mchana, kwa hiyo umekaa hewani saa 15. Kurudi, toa 8 kwenye zile 22, zibaki 14.

Angalia tu kwamba Wamarekani husogeza saa zao mbele Jumapili ya pili ya Machi na kuzirudisha Jumapili ya kwanza ya Novemba. Katikati ya hapo tofauti ni saa 7. Anayekwenda mwanzoni mwa Machi na kurudi mwishoni atumie 8 kwenda, 7 kurudi.

JKIA, uwanja wa Nairobi, hadi JFK, uwanja wa New York, ni kama kilomita 11,850. Usipime kwa rula kwenye ramani ya ukutani, itakutoa Afrika upande wa Mauritania. Vuta uzi juu ya tufe: utakatiza Sahara na kutokea Moroko, ndipo uingie Atlantiki. Kwa mwendo wa kilomita 900 kwa saa hizo ni saa 13 na ushei. Lakini muda wa tiketi huanza ndege inapoondoka kwenye maegesho na kuisha inapoegeshwa tena, kwa hiyo mizunguko ya kupaa na kutua imo humo. Kisha kuna upepo. Huko juu, kilomita kumi hivi, pepo kali huvuma kutoka magharibi, na Januari ndio msimu wake. Kwenda zinakupiga usoni, kurudi zinakusukuma mgongoni.

Kuondoka usiku nako kuna sababu. JKIA iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na joto la mchana huipunguza uzito zaidi. Ndege iliyobeba mafuta ya saa 15 hupaa kwa shida katika hewa hiyo. Hapo ndipo mizigo huachwa, na hata viti huachwa vitupu.

SWALI: Tiketi yangu ya Nairobi hadi New York inasema 00:30, tarehe 12. Niende uwanjani lini? — Msomaji, Thika

JIBU: Tarehe 11. Hiyo ni saa sita na nusu, usiku wa kuamkia tarehe 12, kwa hiyo uwe umefika uwanjani saa tatu na nusu usiku wa tarehe 11. Ukienda usiku wa tarehe 12, ndege yako itakuwa imeshatua Marekani.