Kwa mnaoanza kusoma yaliyowapata Wayahudi wa Italia

Wengi mkianza somo hili mnakimbilia mwaka 1943, Wajerumani walipoishika Roma. Rudini nyuma. Anayeanzia hapo huishia kuamini kwamba Italia ya dikteta Mussolini ilikuwa mtazamaji tu, na simulizi hiyo iliwafaa sana waliokuwa ofisini.

Anzeni na Aprili 1937, tena kwa sheria iliyotugusa huku kwetu: Mwitalia alikatazwa kuishi kinyumba na Mwafrika wa makoloni yake, yaani Ethiopia, Eritrea na Somalia. Wazo la mbari lilikuwa limeshaingia katika sheria kabla Wayahudi hawajaguswa.

Kisha sensa ya Agosti 22, 1938. Isomeni polepole. Wayahudi walikuwa kama mmoja katika kila Waitalia elfu moja, na baadhi yao walikuwa wanachama wa chama cha Kifashisti chenyewe, kile cha Mussolini. Karani alipita akaandika majina na makazi. Septemba, walimu na wanafunzi wa Kiyahudi wakafukuzwa shule za serikali. Novemba, wakatolewa jeshini na katika utumishi wa umma, wakazuiwa kuoana na Waitalia wasio Wayahudi. Desemba hiyo mwanafizikia Enrico Fermi, ambaye mkewe alikuwa Myahudi, alikwenda Stockholm kupokea Tuzo ya Nobel, akaunganisha safari hadi Marekani. Primo Levi, Myahudi aliyekuja kuwa mwandishi, alibaki, akahitimu kemia Torino mwaka 1941, na cheti chake kikataja kwamba ni wa mbari ya Kiyahudi.

Nyaraka hizi zinachosha, nakiri. Lakini mkishazizoea, kila hati mtatazama kwanza sahihi iliyo chini, na mara nyingi mtakuta ni ya Mwitalia.

Sasa nendeni 1943. Msako wa Oktoba 16 mjini Roma ulikuwa wa Wajerumani, walioshapokea kilo 50 za dhahabu kutoka kwa Wayahudi wa mji huo kwa ahadi ya kutomgusa mtu; Wayahudi zaidi ya 1,000 walipelekwa Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wajerumani, wakarudi 16. Amri ya Novemba 30 ilikuwa ya serikali ya Mussolini. Hiyo msiiruke. Sheria za 1938 zilikuwa zimewapunguzia makali waliopigania Italia katika Vita Kuu ya Kwanza, na familia za waliofia huko. Amri mpya ikaagiza Wayahudi wote wakamatwe, hata wenye msamaha huo, na polisi wa Italia wakatoka na orodha zao.