Trela la futi 24 kwenye nafasi ya futi 25: pima kwanza

Ndugu, umeuliza kama trela lako la futi 24, ile nyumba ndogo ya kulala inayovutwa na gari, litaenea kwenye nafasi ya kambi iliyoandikwa "mwisho futi 25". Usilipie bado. Hiyo 24 umeitoa wapi? Kama ni namba ya modeli, mara nyingi inahesabu nyumba peke yake. Chukua futi kamba, anzia ncha ya chuma kinachoshikana na gari hadi kitu cha mwisho kabisa nyuma: bampa, ngazi, hata kibebea baiskeli. Nilipopima langu nilikuta futi tatu na ushee ambazo sikuwa nazijua.

Kinachokwamisha wengi zaidi ni hiki: hiyo 25 ni ya trela tu, au ni trela pamoja na gari linalolivuta? Kila kambi ina hesabu yake. Upper Pines, katika hifadhi ya Yosemite kule Marekani, magari yenye nyumba ndani yanaruhusiwa hadi futi 35 (kama mita 10.7), lakini trela mwisho futi 24. Ukikumbuka kwamba trela halitembei bila gari lake, tofauti hiyo inaeleweka.

Uliza pia kuhusu njia. Nafasi ndefu haisaidii kitu kama unaingia kwa rivasi kwenye kona kali, mti umesimama pale pale pua ya gari inapotakiwa kuzungukia. Mkia wa trela kuning'inia juu ya nyasi, nyuma ya matairi, kuna wanaoruhusu na kuna wanaokataa. Wapigie simu wenye kambi, uwatajie kipimo ulichopima mwenyewe.