Makosa yameongezeka kazini: wafanyakazi ni wavivu au mazingira ndiyo mabovu?

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ni msimamizi wa zamu katika kituo cha kuhudumia wateja kwa simu hapa Dar es Salaam, nina vijana 18 chini yangu. Tangu alipokuja meneja mpya, kila simu inatakiwa iishe ndani ya dakika 4, maneno ya kumwambia mteja yameandikwa na huruhusiwi kuyaacha, na kwenda msalani mpaka uombe ruhusa. Saa tatu usiku majina ya waliofanya vibaya hutumwa kwenye grupu la WhatsApp. Ukikosea taarifa za mteja, unakatwa mshahara. Sasa makosa yamezidi, karatasi za ED (ruhusa ya daktari ya kupumzika kazini) zimejaa mezani, hasa Jumatatu, na wanne wameshaacha kazi. Meneja anasema vijana wa siku hizi ni wavivu, na kwamba kuna utafiti unaothibitisha kuwa mtu akibanwa ndipo anafanya vizuri. Anataka kumleta mhamasishaji atoe semina ya kukabiliana na msongo. Je, kitaalamu ana hoja? Na nitapimaje kama tatizo ni watu au ni mazingira?

JIBU: Ndugu msimamizi, nianze na huo utafiti, maana nausikia karibu kila ofisi ninayoitwa. Upo kweli. Ni wa mwaka 1908, wa Wamarekani Robert Yerkes na John Dodson. Ila waliobanwa hawakuwa watu, walikuwa panya, na walipigwa shoti ya umeme kila walipoingia mlango usio wenyewe. Kazi ilipokuwa rahisi, kadiri shoti ilivyokuwa kali ndivyo walivyojifunza haraka. Kazi ilipokuwa ngumu, yaani tofauti kati ya milango miwili ilipokuwa finyu, shoti kali iliwavuruga, na iliyofaa ilikuwa ndogo. Hiyo sehemu ya pili huwa haisimuliwi kwenye semina.

Sasa tazama kazi ya vijana wako. Anamsikiliza mteja aliyekasirika, anatafuta akaunti kwenye mfumo, anakumbuka utaratibu, anachunga saa, na sauti yake inatakiwa ibaki ya upole. Hiyo si kazi rahisi. Kwa hiyo hata tukikubali kupima binadamu kwa kipimo cha panya, utafiti wenyewe unamkataa meneja.

Hoja ya maana iko kwingine. Mwaka 1979 Robert Karasek alichambua takwimu za wafanyakazi wa Sweden na Marekani, akaonyesha kwamba kazi nyingi peke yake haitoshi kueleza nani anachoka akili. Wanaoumia zaidi ni wale wenye kazi nyingi na wakati huohuo hawana uamuzi juu ya namna ya kuifanya. Daktari wa upasuaji na dereva wa lori wote wanaweza kuwa na siku ngumu, lakini mwenye nafasi ya kusema “hili kwanza, lile baadaye” ana kinga ambayo mwenzake hana. Michael Marmot na wenzake walikuja kuliona jambo hilo mpaka kwenye moyo. Kuanzia mwaka 1985 walifuatilia watumishi wa serikali zaidi ya 10,000 mjini London, watu wenye ajira za kudumu na huduma za afya. Wa vyeo vya chini waliugua moyo zaidi ya wakubwa wao, na kukosa uamuzi juu ya kazi kulikuwa sehemu kubwa ya maelezo.

Kwa hiyo ningekuwa wewe nisingegombana na dakika 4 kwanza. Ningeuliza mfanyakazi amebakiziwa nini cha kuamua. Maneno si yake, muda si wake, hata kibofu chake kinaombewa ruhusa.

Umeuliza pia, ingawa si kwa maneno hayo, msongo unageukaje kuwa kosa. Mtu akihisi hatari, mwili humwaga homoni za adrenalini na kotisoli, moyo unakwenda mbio, umakini wote unaelekea kwenye kile kinachotisha. Zikipanda na kushuka hakuna ubaya. Ndiyo maana mtu anaweza kufunga hesabu za mwisho wa mwezi akiwa mchangamfu. Madhara huja zisiposhuka. Lile tangazo la saa tatu usiku linafika wakati mwili ulipaswa kuanza kutulia. Kijana analala akilifikiria, usingizi unakatikakatika, na asubuhi kinachokuwa kimepungua ni uwezo wa kushika vitu vichache kichwani kwa sekunde chache. Tarakimu mbili za namba ya mteja zinapishana. Meneja anaona uzembe, mimi naona usingizi. Halafu lile kosa linaingia kwenye tangazo la usiku unaofuata.

Twende kwenye kupima. Usianze na dodoso, anza na rekodi ulizonazo, kwa sababu meneja hawezi kuzibishia. Chukua makosa ya mwaka mzima uyapange kwa majina. Tatizo likiwa ni watu, makosa yatajikusanya kwa wachache na wengine watabaki safi. Likiwa ni mazingira, yatapanda kwa karibu wote, pamoja na wale wazoefu waliokuwa wakisifiwa kabla ya utaratibu mpya. Waangalie pia walioajiriwa karibuni: kijana anayeanza vizuri kisha anashuka baada ya muda hakuzaliwa mvivu katikati ya mkataba. Kisha yapange kwa saa za zamu, na kama yanarundikana saa za mwisho, hapo una suala la uchovu na mapumziko. Na kama meneja aliwahi kwenda likizo, tafadhali zitenge wiki zile. Ni jaribio ambalo hukulilipia.

Ongeza kipimo ambacho nadhani hakuna anayekitazama hapo kwenu: mteja yuleyule anayepiga tena ndani ya siku moja au mbili kwa shida ileile. Ukimbana mfanyakazi amalize haraka, atamaliza simu bila kumaliza shida. Ripoti ya dakika 4 itapendeza huku foleni ikizidi kuwa ndefu.

Baada ya hapo ndipo dodoso. Mamlaka ya afya na usalama kazini ya Uingereza ina lake la maswali 35, linalogusa maeneo sita: wingi wa kazi, uamuzi, msaada, mahusiano, kueleweka kwa majukumu, na namna mabadiliko yanavyoletwa. Unaweza kulifuata ukayaweka maswali kwa Kiswahili cha ofisini kwenu. Lakini mpo 18 tu, kwa hiyo usiulize umri, jinsia wala mwaka wa kuajiriwa. Ukiuliza hayo matatu, kila mtu atajulikana, na majibu yatakuwa ya kumfurahisha bosi. Na wewe usiyakusanye. Atafutwe mtu wa nje ya kitengo.

Kuna mtego mmoja hapa unaowaangusha hata wataalamu. Idadi ya makosa yaliyoripotiwa si idadi ya makosa yaliyotendeka. Miaka ya 1990 Amy Edmondson alichunguza makosa ya dawa katika wodi za hospitali nchini Marekani, akitegemea kwamba timu zenye uongozi mzuri zitakuwa na makosa machache. Alikuta zimeripoti mengi zaidi. Maelezo aliyofikia ni kwamba kule watu hawakuogopa kusema. Kwenu kosa linakatwa mshahara, maana yake unayoyaona ni yale yaliyoshindikana kufichwa. Ukiondoa makato leo, mwezi ujao ripoti inaweza kupanda, na meneja atasema “si nilikuambia?” Mwandae mapema, na umwekee mbele kile kipimo cha wateja wanaopiga tena.

Semina siikatai. Mtu kujua kupumua vizuri na kulala mapema haimdhuru. Ila Shirika la Afya Duniani, katika ICD-11, orodha yake ya kimataifa ya magonjwa, limeueleza uchovu wa kazini unaoitwa burnout kuwa matokeo ya msongo sugu wa mahali pa kazi ambao haukushughulikiwa ipasavyo, na likauweka kama hali ya kikazi, si ugonjwa. Chanzo kimetajwa ndani ya maelezo yenyewe. Mwongozo wake wa mwaka 2022 unapendekeza kubadili hali za kazi na kuwafundisha mameneja, pamoja na hayo ya mtu binafsi. Kama bajeti ni ya semina moja tu, wa kwanza kukaa kwenye kiti awe meneja. Najua si wewe wa kumwambia hivyo, lakini afisa rasilimali watu anaweza.

Ombi lako kwa meneja liwe dogo na lenye muda: zamu moja, miezi miwili. Tangazo la usiku lisitumwe, kila mtu aelezwe makosa yake faragha na mchana, msalani kuwe huru, na kwenye simu za malalamiko mfanyakazi aruhusiwe kuacha maneno yaliyoandikwa. Dakika 4 ziache zilivyo kwanza. Ukiziondoa nazo kwa pamoja na hayo, hutajua kilichosaidia ni nini.

Kwa wale wa ED, usidai kujua wanaumwa nini. Ila ukiona mtu hali chakula, halali usingizi, analia kazini, au anatamka kwamba heri asingekuwepo, usisubiri takwimu. Apelekwe hospitali siku hiyohiyo, na asiende peke yake.

Na sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa za kawaida kuwa 45 kwa wiki na 9 kwa siku, na makato ya mshahara kwa ajili ya hasara yana masharti yake. Hayakatwi kwa hasira ya meneja. Kuhusu wale wanne, sheria hiyohiyo inamhesabu kuwa ameachishwa mfanyakazi aliyeondoka kwa sababu mwajiri alifanya kazi isivumilike, na anaweza kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 30. Meneja akisema waliacha kwa hiari yao, mwambie amuulize kwanza mwanasheria wa kampuni.