Mwamba mchanga: wa mtoni au wa umri?

SWALI: Ninafundisha jiografia wilayani Ludewa. Ubaoni niliandika: "Bonde la Ruhuhu lina mwamba mchanga wenye umri wa miaka milioni 240." Mwanafunzi mmoja akanyoosha mkono: "Mwalimu, unakuwaje mchanga na umri wote huo?" Je, nilikosea Kiswahili? Na nitumie maneno gani kuwaeleza jinsi mto uliokwisha kutoweka unavyosomwa mwambani?

JAWABU: Hukukosea, Mwalimu. Sentensi yako ina maana mbili, na mwanafunzi wako amekamata ile ambayo wewe hukuikusudia. Mpe heko yake, maana amesikiliza lugha vizuri kuliko wengi wetu.

Tuna "mchanga" mbili. Ya kwanza ni jina, chembe zile za ufukweni na mtoni. Ya pili ni kivumishi -changa, yaani kisichopevuka, ambacho hufuata ngeli ya jina kinalolisifu: embe changa, kitoto kichanga, miti michanga. Jina likiwa la umoja katika ngeli ya M-WA au M-MI, kivumishi hiki huvaa m-, kikafanana kabisa na zile chembe: mtoto mchanga, mti mchanga, mwamba mchanga. Sikio halina pa kushika.

Ugeuze wingi uone. "Miamba michanga" ni miamba yenye umri mdogo, kama ile iliyotokana na lava ya volkano ya Ol Doinyo Lengai mwaka 2007. "Miamba mchanga" ni majina mawili yaliyokaa bega kwa bega, kama mbwa mwitu au askari kanzu, na jina la pili halibadiliki. Au badili jina lenyewe. Jiwe liko katika LI-YA, kwa hiyo lenye umri mdogo lingekuwa "jiwe changa". "Jiwe mchanga" haliwezi kuwa na maana nyingine ila ya chembe. Hata hivyo, mwanafunzi hapaswi kufanya hesabu ya ngeli kila anaposoma sentensi. Mimi huandika kwa a-unganifu: mwamba wa mchanga, miamba ya mchanga. Utata unakwisha papo hapo.

Mtego huohuo uko kwenye mto. "Mto mchanga" kwa mwanajiografia ni mto ulio katika hatua ya ujana, unaoteremka kwa kasi na kuchimba bonde lake kwenda chini. "Mto wa mchanga" ni ule unaokauka kiangazi, watu wakafukua mchangani kupata maji. Usiuchanganye pia "mto mkongwe" na "mto wa kale". Kikongwe ni aliyezeeka naye bado yupo. Mto mkongwe, basi, bado unatiririka. Mto wa kale huenda umebaki mawe matupu, na huo ndio unaokusumbua darasani.

Sasa namna ya kuusoma. Anza na neno mashapo, ambalo wanafunzi wanalijua tangu nyumbani: ni yale yanayobaki chini ya kikombe cha kahawa au chombo cha tembo la mnazi. Mto nao una mashapo yake. Maji yakienda kwa nguvu hubeba hata kokoto; yakipungua kasi huziacha kokoto kwanza, kisha mchanga mkubwa, kisha mchanga laini. Tope huja mwisho, maji yanapotuama. Kwa hiyo ukiona kwenye ukuta wa korongo kokoto chini, mchanga juu yake na tope juu kabisa, mara nyingi unaona mkondo uliohama taratibu, na mahali ulipopita pakageuka kuwa uwanda wa mafuriko. Kokoto zilizoviringana zimesafiri mbali. Zenye ncha hazijasafiri sana. Tope lenye nyufa lilikauka juani kabla ya mafuriko mengine kulifunika. Wekundu, mara nyingi, ni kutu ya chuma iliyopata hewa.

Kuna alama moja ninayoipenda kuliko zote, na Kiswahili kina neno lake zuri: mshazari. Mkondo husukuma mchanga juu ya kituta, chembe zikafika kileleni na kuporomokea upande wa pili, upande maji yanakoelekea. Kila poromoko huacha tabaka jembamba lililolala mshazari. Vituta hivyo vikifukiwa na kuwa jiwe, matabaka hubaki yameinama vilevile. Ukipima mwinamo katika sehemu nyingi, unajua mto ule ulielekea wapi, ingawa hakuna tone lake lililobaki. Ule mrundikano mkubwa wa mchanga mtoni uite fungu, kama wavuvi wa pwani wasemavyo fungu la mchanga baharini. Hakuna haja ya kubuni neno jipya.

Waambie pia kwamba wataalamu waliofanya kazi kwenye miamba hii wameazima kwetu. Mnyama wa Bonde la Ruhuhu aliyepewa jina mwaka 2010, jamaa wa karibu wa dinosau, anaitwa Asilisaurus kongwe: asili yetu, kongwe letu, na katikati neno la Kigiriki lenye maana ya mjusi. Huko Songwe, dinosau aliyepatikana kwenye ukuta wa korongo juu ya mto Mtuka, ambao hukauka kiangazi, alipewa jina mwaka 2019: Mnyamawamtuka moyowamkia. Mnyama wa Mtuka, moyo wa mkia, kwa sababu pingili moja ya mkia wake ina umbo la moyo. A-unganifu imefanya kazi mara mbili katika jina moja la kisayansi. Mfano bora wa somo lako sina.

Ubaoni, basi, andika hivi: "Bonde la Ruhuhu lina miamba ya mchanga iliyojengwa na mito ya kale, inayokadiriwa kuwa na umri wa miaka milioni 240."