Kabla ya saini, uliza nani hayumo ukumbini

Mwezi uliopita kijana wa jirani yangu hapa Wete alipita barazani kwangu na barua ya kukubaliwa katika Chuo cha Diplomasia cha Kurasini, Dar es Salaam, kile ambacho sasa kinaitwa kwa jina la Dk. Salim Ahmed Salim, Mpemba mwenzetu. Baada ya shikamoo na kikombe cha kahawa akaniuliza: "Bi mkubwa, mtu anayetaka kufanya kazi ya usuluhishi aanze na lipi?" Nilimjibu kwa ufupi kwa kuwa adhana ya magharibi ilikuwa imekaribia, na tangu siku ile nimekuwa nikiona kwamba jibu langu lilikuwa pungufu. Naliandika hapa kwa urefu zaidi, kwa faida yake na ya wengine wanaoelekea huko.

Nimeitumikia kazi hii miaka mingi, na katika sehemu kubwa ya miaka hiyo sikuwa mtu wa kukaa mbele. Nilikuwa mkalimani na mwandishi wa kumbukumbu za vikao, yaani mtu anayekaa pembeni na kusikia kila kitu. Nilichokiona kutoka pembeni ni kwamba mapatano ya amani huvunjwa na waliotia saini wakakosa uaminifu, ndiyo, lakini huvunjwa zaidi na wale ambao hawakuitwa, na kwa maneno yaliyoandikwa usiku kwa haraka ili asubuhi ipatikane picha ya kupeana mikono.

Marehemu babu yangu alikuwa akitumwa ushenga katika vijiji vya huku kaskazini ya Pemba. Alikuwa na desturi moja iliyowaudhi watu wenye pupa: kabla ya kutaja mahari aliuliza kama mjomba wa mwari amearifiwa, na kama kuna shangazi aliyenuniana na ndugu zake. Akiambiwa kuwa yupo mmoja hajaambiwa, alivaa kofia yake akaaga, akasema atarudi wiki ijayo. Alijua kwamba posa inaweza kukubaliwa na watu kumi barazani na ikaharibiwa na mmoja aliyesikia habari yake sokoni. Nilipoanza kukaa katika kumbi za mikutano nilishangaa kuona wasomi wakubwa, wenye ramani na washauri, wakilipita swali hilo kana kwamba halina uzito.

Tazama Burundi. Mwalimu Nyerere aliyabeba mazungumzo ya kumaliza vita vya wenyewe kwa wenyewe vya huko hadi alipofariki Oktoba 1999, Mzee Mandela akayapokea, na tarehe 28 Agosti 2000 pande 19 zikakutana Arusha katika hafla ya kutia saini. Ilikuwa kazi kubwa, na katiba ya Burundi iliyofuata ilijengwa juu yake. Hata hivyo makundi mawili yaliyokuwa yakipigana msituni, FDD na FNL, hayakuwa sehemu ya hati ile, na kwa hiyo risasi hazikunyamaza. FDD walikuja kufunga mapatano kamili mwaka 2003 na FNL wakafuata Septemba 2006, mara zote mbili Dar es Salaam. Baina ya saini ya kwanza na ya mwisho ilipita miaka sita, na kila mwaka ulikuwa na makaburi yake.

Najua hoja inayoletwa hapa, kwamba wapo watu ambao mikono yao imejaa damu na kuwakalisha mezani ni kuwatukuza. Ni hoja nzito. Katika Mapatano ya Arusha ya Rwanda ya tarehe 4 Agosti 1993, chama cha CDR chenye siasa kali kiliachwa nje ya serikali ya mpito, na sithubutu kudai kwamba kukiingiza kungeliyazuia mauaji ya mwaka 1994. Ninachosema ni kwamba kumwarifu mtu si kumpa kiti. Msuluhishi anapaswa kujua kila aliyeko nje yuko wapi, ana silaha gani na anangojea nini. Na kama ameamua kumwacha nje, basi aiandike hati yake akijua kwamba mtu huyo atakuja kuigonga.

Sasa niseme juu ya maneno, na hapa nakiri kosa langu mwenyewe. Katika kikao kimoja cha mwishoni mwa miaka ya tisini, katika mji wa baridi ambao sitautaja, mjumbe wa upande mmoja alisema kwa Kiswahili kwamba wapiganaji wake wako tayari "kusitisha" mapigano. Usiku ule nilikuwa nimelala kwa muda wa saa tatu tu. Nilipoyapeleka maneno yake katika Kifaransa nilitumia neno lenye uzito wa "kukomesha". Upande wa pili ukatabasamu, mwenyekiti akaandika, na dakika ishirini baadaye yule mjumbe aliposomewa muhtasari alisimama, akakusanya karatasi zake na kuniangalia mimi, si mwenyekiti. Kwake yeye kusitisha kulikuwa ni kuinua kidole kutoka kwenye kifyatulio huku akisubiri wafungwa wake waachiwe. Kukomesha kulikuwa ni kusalimu silaha aliyoibeba tangu ujana. Kikao kilivunjika kwa siku mbili. Nilikwenda kumwomba radhi mlangoni pa chumba chake, naye akanijibu kwa upole ulioniumiza kuliko matusi: "Dada, wewe utarudi kwenu. Mimi nitarudi kwa watu wenye bunduki."

Ndiyo maana siipendi hata kidogo diplomasia ya kukata siku. Katika mazungumzo ya kumaliza vita vya Darfur, magharibi ya Sudan, yaliyofanyika Abuja, Nigeria, ambayo Dk. Salim aliyaongoza kwa niaba ya Umoja wa Afrika, pande husika zilikabidhiwa rasimu yenye kurasa zaidi ya 80 mwishoni mwa Aprili 2006 na kupewa siku chache tu kuisoma na kuikubali. Serikali za nje zilizokuwa zikigharamia mazungumzo zilikuwa zimechoka na zilitaka tarehe. Siku ziliongezwa kidogo, na tarehe 5 Mei serikali ya Sudan ikatia saini pamoja na kundi moja tu kubwa la waasi, la Minni Minnawi. Abdul Wahid, kiongozi wa kundi jingine la waasi, na kundi la waasi la JEM walikataa. Simlaumu mzee wetu, kwa kuwa msuluhishi naye huwa na watu wanaomshika shati kutoka nyuma. Lakini kijana anayesoma kazi hii aisome kesi ile vizuri, na ajiulize mkulima aliyeko kambini angelielewa nini katika kurasa zile.

Wanaolipa gharama ya maneno mabovu mara nyingi ni askari. Kofia ya buluu, yaani askari wa Umoja wa Mataifa wa kulinda amani, haina nguvu zaidi ya azimio lililoituma. Ulinzi wa amani wa Umoja wa Mataifa umesimama juu ya mambo matatu: ridhaa ya pande zinazopigana, kutopendelea upande, na kutotumia nguvu isipokuwa kwa kujihami au kulinda jukumu lililokabidhiwa. Inaposomwa New York, orodha hiyo ni safi. Huko Rwanda, tarehe 21 Aprili 1994, wakati watu wakichinjwa, Baraza la Usalama lilipitisha azimio la kukipunguza kikosi cha kulinda amani hadi askari wapatao 270. Mashariki ya Kongo, mwaka 2013, Baraza hilo hilo lilikwenda upande wa pili na kuunda brigedi yenye ruhusa ya kushambulia, ikiwa na wanajeshi wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi. Kundi la waasi la M23 likashindwa mwaka ule ule, kisha likaibuka tena baada ya miaka. Na tarehe 7 Desemba 2017, huko Semuliki, Kivu Kaskazini, tulipoteza vijana wetu 15 katika shambulio la usiku mmoja. Kwa hiyo, kabla hujamwahidi mwanakijiji kwamba "askari watakulindeni", soma azimio, ibara kwa ibara, uone kama wameruhusiwa na kama wana magari ya kufika.

Wala tusijidanganye kwamba haya ni mambo ya mbali. Muafaka wetu wa kwanza wa Zanzibar wa mwaka 1999, baina ya vyama vya CCM na CUF, uliopatanishwa na Jumuiya ya Madola, ulibaki karatasini, na Januari 2001 watu wasiopungua 30 waliuawa katika maandamano, wengi wao hapa Pemba. Wengine wakakimbilia Shimoni, Kenya, kwa majahazi na ngalawa. Mimi nilikuwa ugenini nikiandika kumbukumbu za amani ya watu wengine nilipopigiwa simu kutoka Wete. Ukaja muafaka wa pili Oktoba mwaka ule, nao ukachoka njiani. Kilichofika mbali zaidi kilianza kwa mazungumzo ya nyumbani, pale Rais wa Zanzibar Amani Karume na Maalim Seif, kiongozi wa CUF, walipokutana Novemba 2009 bila ya mgeni katikati, kisha wananchi wenyewe wakaulizwa kama wanataka serikali ya umoja wa kitaifa katika kura ya maoni ya tarehe 31 Julai 2010, na asilimia 66.4 wakasema ndiyo. Naamini ile kura ndiyo iliyoyapa maridhiano mizizi, kwa kuwa hata yalipotikiswa na kufutwa kwa uchaguzi wa mwaka 2015, wazo la kuongoza pamoja halikuondoka, na Desemba 2020 Maalim akaapishwa tena kuwa Makamu wa Kwanza wa Rais. Mjomba aliarifiwa, kama angelisema babu.

Mambo mengine ni madogo, nayapita haraka. Kula chakula unachowekewa. Usibebe siasa za kwenu ndani ya mkoba. Usikae karibu na upande mmoja wakati wa chai, hata kama ndio wanaojua utani.

Na ukifika kazini ukapewa daftari na kiti cha pembeni, usione umedharauliwa. Andika majina ya wote waliohudhuria, kisha upande wa pili wa ukurasa andika majina ya ambao hawakuja na kwa nini. Katika miaka yangu yote, wakubwa watatu tu waliniomba niwaonyeshe upande ule wa pili, na wote watatu waliniomba usiku, baada ya kikao kuharibika.