Kanisa la washirika 150 linajiandaa kwa ongezeko: anzeni na walezi kabla ya viti

Mleta mada, Bwana Yesu asifiwe. Umesema kanisa lenu lina washirika kama 150, mkutano wa injili uko miezi sita mbele, na mpango mlio nao ni mfungo wa siku 21 kuelekea mkutano pamoja na kuongeza viti. Mfungo ni jambo jema na viti vitahitajika. Ila kati ya hayo mawili pana shimo, na waongofu wengi huishia humo.

Watu wataitikia mwito, hilo lisiwasumbue sana. Shida huanza wiki ya tatu. Mtu aliyekata shauri mbele za watu anakuja Jumapili mbili, hakuna anayemjua kwa jina, Jumapili ya tatu hayupo, na kanisa zima halina habari. Kuhubiri bila walezi, yaani washirika wa kumfuatilia na kumfundisha kila mwongofu, ni kuteka maji kwa pakacha.

Kwa hiyo fanyeni hesabu hii kabla ya nyingine zote. Katika hao 150 toa watoto, toa wanaohudhuria kwa msimu, toa wenye mizigo mizito kwa sasa (wafiwa, wagonjwa, mama mwenye kichanga). Tuseme wamebaki watu wazima 60. Kati yao, wanaofaa kumlea mtu mwingine huenda wakawa 20. Mlezi mmoja mwenye kazi na familia anaweza kubeba waongofu wawili vizuri, watatu kwa taabu. Basi uwezo wenu wa kupokea ni watu 40, hata kama uwanja utajaa maelfu. Mkitaka kupokea 100, mnahitaji walezi 50, na hao hawapatikani kwa tangazo la Jumapili moja.

Ndiyo maana napenda watu wasome Matendo sura ya 1 polepole kabla ya kukimbilia sura ya 2. Wanafunzi wa Yesu walikuwa wapata 120, wakidumu katika kusali. Katika siku hizo hizo za kungoja, kabla ya Pentekoste, walijaza nafasi ya Yuda. Sifa waliyoitafuta ilikuwa historia: mtu aliyekuwa pamoja nao tangu ubatizo wa Yohana. Pengo la uongozi lilizibwa kabla ya zile nafsi 3,000 kuongezeka. Hata hivyo, kufikia sura ya 6 wajane wa Wayahudi wa Kiyunani walikuwa wanasahauliwa katika huduma ya kila siku, ikabidi wachaguliwe watu saba. Kanisa lililojaa Roho lilipata tatizo la mgawanyo, na dawa yake ilikuwa kupanga watu. Msione aibu kupanga.

Mlezi achaguliwe namna hii: amekaa kanisani walau mwaka, anasoma Neno mwenyewe bila kusukumwa, anatunza siri, na ana saa mbili kwa wiki za kutoa. Mwanamume amlee mwanamume, mwanamke amlee mwanamke. Huu mstari usiulegeze hata mkipungukiwa na watu. Mafunzo ya wiki nane, saa moja na nusu kila wiki, yanatosha kuanzia. Wafundisheni kueleza ushuhuda wao kwa dakika tatu, uhakika wa wokovu, maana ya ubatizo kwa mujibu wa kanisa lenu, na kuomba na mtu kwa sauti ya kawaida. Kisha wasome Injili ya Marko, sura mbili kila wiki. Ina sura 16, kwa hiyo inaisha katika wiki hizo nane, na mpango huohuo ndio watakaoutumia na waongofu wao. Somo moja lazima liwe la mipaka: mlezi hakopeshi, hapokei sadaka ya mtu mkononi, na akikutana na kipigo cha nyumbani, mawazo ya kujiua au ugonjwa, anapeleka kwa mchungaji na kwa wataalamu. Mwongofu mwenye dawa za hospitali asiambiwe aziache.

Siku yenyewe ya mkutano, makosa hutokea kwenye kadi. Kadi inaandikwa jina moja tu la kwanza, namba ya simu ina tarakimu pungufu, fungu zima linawekwa ofisini, na wiki inayofuata ama hakuna aliyepiga simu ama wamepiga watu watano. Tengenezeni kadi yenye majina mawili, simu ya mtu na ya jirani au ndugu, anapokaa na alama ya kutambulisha mahali, lugha anayoielewa vizuri, aliyemwalika, na kama anaamini mara ya kwanza au anarudi. Mlezi asimame naye palepale mbele, aijaze mwenyewe, apige ile namba kabla hawajaachana ahakikishe inaita. Karani mmoja, mmoja tu, anakili kadi zote usiku huohuo kwenye daftari: mwongofu fulani, mlezi fulani. Mlezi apige simu ndani ya saa 24, amtembelee ndani ya siku tatu, na Jumapili ya kwanza akae kando yake. Siku ya saba karani anawauliza walezi wote. Kadi isiyojibiwa inapewa mlezi mwingine bila kulaumiana.

Sasa mfungo. Kuumaliza usiku wa kuamkia mkutano ndiko kunakowaangusha wengi: wahudumu wanafika uwanjani wamechoka, sauti zimekauka, hasira ziko karibu. Uwekeni mwezi wa pili au wa tatu wa maandalizi, wakati wa kuchagua walezi, kama kanisa la Antiokia lilivyofunga lilipowatenga Barnaba na Sauli (Paulo) kwa kazi. Mkibaki na mfungo wa kuelekea mkutano, uishe siku tatu kabla, na watu wafungue kwa chakula chepesi. Wajawazito, wanaonyonyesha, wenye kisukari, vidonda vya tumbo au dawa za kila siku wapewe namna nyingine ya kujinyima, na mchungaji aseme hivyo madhabahuni ili wasijione dhaifu wa imani.

Maombi nayo yawe na majina. Kila mshirika aandike watu watatu anaowajua ambao hawajaamini, awaombee kila siku kwa miezi yote hiyo, na ndio atakaowaalika. Maombi ya jumla ya kuombea mataifa yanapendeza mkeshani lakini hayamfanyi mtu avuke barabara kumwalika jirani. Pia angalieni Yesu alichoagiza katika Mathayo 9:38 alipoona mavuno ni mengi: ombeni watenda kazi. Mikesha yetu mingi inaomba mavuno.

Halafu kuna lile wasilolipenda wazee wa kanisa. Kama mwenyekiti wa kwaya na mzee mmoja hawasalimiani, kama kuna fedha za ujenzi ambazo taarifa yake haijasomwa, shughulikieni sasa, ana kwa ana, kwa utaratibu wa Mathayo 18: kwanza wawili peke yao, kisha na mashahidi, kisha kanisa. Kukemea mapepo usiku kucha hakutibu ugomvi ambao wahusika wanakataa kukaa mezani. Mgeni huhisi mvutano huo haraka kuliko wenyeji, ambao wameshauzoea.

Baada ya mkutano, vikundi vya nyumbani vibebe uzito. Kikundi kiwe cha watu 8 hadi 12, na tangu siku ya kwanza kiwe na kiongozi msaidizi anayeongoza walau kipindi kimoja kati ya vitatu. Kikifika 15, gaweni, na msaidizi aondoke na watu aliokuwa tayari anawalea. Mkigawa kwa orodha ya ofisini mnavunja urafiki, na nusu ya watu hawataonekana tena. Vikundi vya namna hii vilikuwa mgongo wa harakati ya John Wesley, mhubiri Mwingereza aliyeanzisha Umethodisti. Vilianza Bristol, Uingereza, mwaka 1742 kama mpango wa kulipa deni la jengo: mtu mmoja apewe kama kumi na mbili wa kuwapitia kila wiki akusanye senti. Wakusanyaji wakaanza kugundua jinsi watu wanavyoishi majumbani, na Wesley akaona kazi ya kichungaji imejileta yenyewe.

Madarasa ya msingi msiyafupishe kwa sababu ya wingi. Huko Antiokia, Barnaba alipoona kazi imemzidi alikwenda Tarso kumtafuta Sauli, wakafundisha mwaka mzima. Karne za kwanza, mahali pengine wakatekumeni (wanaojiandaa kubatizwa) walifundishwa hadi miaka mitatu. Wiki nane za kuanzia ni sawa, mradi kuna darasa linalofuata lenye mwalimu na tarehe. Na mwongofu mwenye sauti nzuri au kipaji cha kusema msimpe kipaza sauti mwezi wa pili tu tangu aamini. 1 Timotheo 3:6 inataja hatari yake waziwazi. Mpeni kazi za mikono kwanza, kama kupanga viti au kupokea watu mlangoni.

Viti, basi. Kipimo kinachotumika sana ni hiki: ukumbi ukizidi asilimia 80 kwa Jumapili kadhaa mfululizo, umejaa kwa macho ya mgeni, kwa sababu familia haipati viti vinne pamoja. Hapo fikirieni ibada ya pili, lakini msiifungue mpaka kila idara iwe na timu mbili: watoto, sifa, mitambo, mapokezi. Idara ya watoto ndiyo huelemewa kwanza. Kila chumba kiwe na watu wazima wawili wasio mume na mke, mlango ubaki wazi au uwe na kioo, na mtoto akabidhiwe kwa yuleyule aliyemleta. Sadaka nazo zikiongezeka, zihesabiwe na watu wasiopungua watatu wasio ndugu, wasaini palepale.

Wataongezeka pia wanaohama kutoka makanisa mengine. Wapokeeni, lakini mchungaji amuulize kila mmoja kwa upole kwa nini ameondoka, na ikiwezekana awasiliane na mchungaji wake wa zamani. Waandikwe kwenye safu yao ya daftari, wasichanganywe na waongofu, maana bila hivyo mtadhani mnavuna kumbe mmepokea tu majirani.

Mpaka mwisho wa mwezi wa nne wa maandalizi hesabuni walezi waliomaliza mafunzo. Wakiwa hawajafika hata 15, punguzeni siku za mkutano au uahirisheni. Kama uwanja umeshalipiwa na haiwezekani, zungumzeni mapema na makanisa jirani, mkubaliane kwa maandishi nani atapokea waongofu wa mtaa upi.