Sura za Mtaani: Maswali Yenu

Mwezi huu barua nyingi zimetoka kwa wanaopiga picha za watu sokoni na barabarani. Si za harusi wala pasipoti, bali sura ya mtu palepale alipo.

Napiga picha Kariakoo kuanzia saa tano asubuhi. Nyuso zinatoka nyeusi, macho hayaonekani, lakini ukuta wa nyuma unang'aa. Kamera imeharibika? (Msomaji, Dar es Salaam)

Kamera ni nzima. Jua la mchana huku kwetu linakaa utosini, kwa hiyo nyusi zinatupa kivuli machoni. Halafu kipima mwanga cha kamera hukichukulia kila kilicho mbele yake kuwa kijivu cha wastani: kikiona ukuta mweupe kinapunguza mwanga, na uso unazama.

Tafuta mahali kabla ya kutafuta mtu. Baraza au mlango wa duka unatosha. Msimamishe ndani ya kivuli, nusu mita hadi mita moja kutoka ukingoni, uso ukitazama nje na giza la duka likiwa mgongoni. Kisha chungulia machoni. Ukiona kidoa cheupe cha mwanga kwenye mboni, umepata. Kisipokuwepo, mwombe ainue kidevu kidogo au asogee nusu hatua mbele.

Tazama na kilicho juu yenu. Turubai la bluu linapaka uso bluu, mwavuli mwekundu unapaka wekundu, na kasoro hiyo ni ngumu kuitoa kwenye programu: ngozi ikikaa sawa, nguo inaharibika. Bati na makuti hayana ugomvi. Ukuta wa chokaa ng'ambo ya barabara ni bahati, maana unarudisha mwanga laini. Kama haupo, karatasi nyeupe ya manila iliyoshikwa usawa wa tumbo, nje ya fremu, inaondoa giza chini ya macho.

Mwanga upime usoni. Kwa kitufe cha + na − (kinachoongeza au kupunguza mwanga wa picha), ukuta mweupe ukiwa nyuma anza na +1; buibui jeusi likijaza fremu, shuka hadi −0.7. Kanzu nyeupe ndiyo mtihani wenyewe. Juani, ukiuokoa uso kanzu inaungua, yaani inabaki nyeupe tupu, hata mshono wa darizi shingoni hauonekani. Mtoe juani, basi. Kivulini tofauti ya kanzu na uso hupungua na kamera inavibeba vyote viwili.

Nina lenzi ya 70–300 mm, nasimama mbali ili watu wasishtuke. Picha hazina uhai. Ninunue 85 mm f/1.8? (Msomaji, Mombasa)

Hapana, si sasa. Kinachokukwamisha ni umbali. Chukua 50 mm, au 35 mm kama kamera yako ina sensa (kipokea mwanga) ndogo ya APS-C, usimame mita moja na nusu, mahali ambapo mnaweza kuongea bila kupaza sauti. Namba ya f ni ukubwa wa tundu la lenzi: ikiwa ndogo, tundu ni kubwa na sehemu inayoonekana kali (fokasi) ni nyembamba. Kwa umbali huo 85 mm kwenye f/1.8 inakupa kama sentimita 3 tu za fokasi: jicho moja kali, la pili limeshapotea. 50 mm kwenye f/4 inakupa karibu sentimita 20. Anza na f/4, shata (muda wa kupokea mwanga) 1/250 ya sekunde kwa sababu watu huongea na kucheka, ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) ya otomatiki isiyozidi 3200, fokasi kwenye jicho lililo karibu nawe.

Wa simu: lenzi kuu ni pana, ukimsogelea mtu pua inavimba. Rudi nyuma, tumia 2x, na uzime kichujio cha urembo. Kinafuta makovu na mikunjo, yaani kinafuta sura uliyoifuata.

Namwombaje mtu bila kuonekana mwizi? (Msomaji, Tanga)

Kamera iwe shingoni, isiwe usoni. Salamu kwanza, kwa mzee ni shikamoo, na usubiri marahaba. Halafu sema ulichokiona hasa: "Mzee, hiyo kofia imeshonwa kwa mkono? Naomba nikupige picha, nitakuletea yako." Akikataa, mwambie kazi njema na uondoke kweli, usimwibie kwa mbali. Mtoto, muombe mzazi wake. Picha ya tangazo inataka ridhaa ya maandishi.

Picha ya kwanza mtu hukakamaa kama wa pasipoti. Ipige tu, ndiyo anayoitaka yeye. Kisha shusha kamera, muulize habari za kazi. Mikono ikirudi kwenye birika au cherehani, piga ya pili.

Miaka miwili sasa picha zangu zinafanana. Nakuaje? (Msomaji, Arusha)

Seydou Keïta, mpiga picha wa Mali, alifungua studio yake Bamako mwaka 1948. Alitumia zaidi mwanga wa jua uani, na kwa kuwa filamu ilikuwa ghali, kwa kawaida mteja alipigwa picha moja tu. Kidevu, bega, kitambaa cha nyuma, vyote vilipangwa kabla ya kubonyeza.

Jibane hivyo hivyo: baraza moja, lenzi moja, saa ileile, watu 30, kila mmoja picha mbili. Kikibadilika mtu pekee, kosa lako linajitokeza lenyewe. Wengi hugundua kuwa waliokaa wamewapiga kutoka juu, wakaonekana wadogo. Piga goti.

Nikisafisha picha zinatoka na giza; duka jingine ngozi inakuwa ya majivu. (Msomaji, Morogoro)

Giza linatokana na kuhariri huku mwanga wa kioo cha simu uko juu kabisa. Ushushe hadi nusu. Majivu ni ya mashine: inaona uso mweusi, inadhani ni kosa, inaupausha. Mwambie fundi azime marekebisho ya otomatiki, na umpe faili la pikseli 1200 × 1800 kwa saizi ya sentimita 10 × 15. Safisha nakala mbili. Ya mwenyewe ipeleke ndani ya wiki, kabla hajaanza kukuulizia.